Mwaka wa Nyamagana

Wazee wa Ugogo wana desturi ya kuipa njaa jina. Njaa iliyofuata Vita ya Kwanza ya Dunia, ile ya 1918 hadi 1920, wanaiita Mtunya, na ukilitamka jina hilo Mvumi au Kongwa hata leo, watu hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Ukame wa katikati ya miaka ya sabini haukupata jina zito namna hiyo. Ulipata utani. Mahindi ya njano yalipoletwa kutoka ng'ambo kuziba pengo la ghala, watu waliuita unga wake "unga wa Yanga", kwa sababu ya rangi. Mashabiki wa Simba walikula, maana njaa haina klabu, lakini walikula huku wakinung'unika na jirani zao wakiwacheka.

Utani huo unatuonyesha jambo ambalo vitabu vya historia huliruka. Katika miaka ambayo watu wetu walikuwa wakigawiwa chakula kwa kipimo na kuhamishwa kutoka kwenye tembe zao, mpira ulikwisha kuingia hadi jikoni. Katika makala hii tunautazama mwaka mmoja wa mpira huo, 1974, na hasa kilichowapata walioshinda. Wapo watakaouliza mambo ya mpira yanatafuta nini katika kitabu cha imani. Tunaomba wavumilie. Kanisa limewahi kufarakana kwa namna ile ile, na hatua zake zinaonekana wazi zaidi pale ambapo sisi wenyewe hatuna la kutetea.

Kwanza tuukumbuke mwaka wenyewe. Oktoba 1973 TANU ilikuwa imeamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Kwa sisi wa nyanda za kati agizo hilo halikuwa geni kabisa, kwa sababu Operesheni Dodoma ilikuwa imetutangulia tangu 1971. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na zizi lake, walijikuta wamepangwa kwa mistari, Mwanglikana jirani na Mkatoliki, Mkatoliki jirani na Mwislamu. Mahali pa ibada nako kukahama pamoja na watu. Mvua hazikuja vizuri.

Nje ya shida hizo, 1974 ulikuwa mwaka wa fahari katika michezo. Tarehe 2 Februari, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Zaire walitwaa Kombe la Afrika, kisha wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, ambako Yugoslavia iliwafunga mabao 9 kwa bila. Oktoba, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Habari hizi zilitufikia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa magazeti yaliyoshushwa stesheni. Bara hakukuwa na televisheni. Kijiji kilichokuwa na redio moja yenye betri nzima kilikuwa na uwanja wake wa mpira chini ya mbuyu.

Ndani ya redio hiyo walikuwamo watani wawili. Yanga ilianza 1935. Mwaka uliofuata, kama klabu zenyewe zinavyosimulia, kundi lililotofautiana na wenzake lilijitenga na kuanzisha timu nyingine, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Sunderland, na tangu 1971 ikaitwa Simba. Msomaji alishike jambo hilo: utani mkubwa kuliko wote katika nchi yetu ulizaliwa kutokana na ugomvi wa ndani ya nyumba moja. Jangwani na Msimbazi ni mitaa ya Kariakoo inayofikika kwa miguu, hata mtu akiwa amebeba kikapu cha sokoni. Lakini mpasuko ule wa mitaa miwili ulipanda garimoshi, ukapita Morogoro, ukapita Dodoma, ukafika Tabora, na kila kituo uliposimama ulishusha watu wa pande zote mbili.

Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania wa 1973, kwa hiyo ndiyo iliyotuwakilisha katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika la 1974. Ilifika mbali kuliko klabu yoyote yetu kabla yake. Katika robo fainali iliitoa Hearts of Oak ya Ghana, na jambo hilo peke yake lilitosha kuwalaza watu macho, kwa sababu Ghana ndiko tulikokuwa tumeumizwa. Mwaka 1969 Yanga ilikutana na Asante Kotoko ya Kumasi, wakatoka sare ya 1-1 huku na 1-1 kule, na mshindi akapatikana kwa kura. Kotoko wakapita.

Hapa tunaomba tutoke njiani kidogo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanajua kwamba Mathiya aliingia katika hesabu ya mitume kwa kura, na hatujasikia mtu akilalamika kwamba Yusufu aitwaye Barsaba alionewa. Waliopiga kura ile walikuwa wameomba kwanza, na walikuwa tayari kupokea jibu lolote. Mpira haukuwa tayari. Mwaka 1970 wenye kutunga sheria za mchezo huo duniani waliweka mikwaju ya penalti mahali pa kura, ili angalau mtu ashindwe kwa mguu wake mwenyewe. Basi Simba ilipofika nusu fainali ya 1974 dhidi ya Mehalla El Kubra ya Misri, ikashinda 1-0 nyumbani na kufungwa 1-0 ugenini, hapakuwa na kura tena. Zilipigwa penalti, na Wamisri wakaenda fainali. Huko nao walifungwa na CARA ya Brazzaville. Kama kura ingewapendelea Simba hatuwezi kujua, na hatuoni kama inafaa kuuliza.

Kikosi kile kilikuwa na watu ambao majina yao yangali yanatajwa na wenye umri: Athumani Mambosasa golini, Mohamed Kajole, Omari Chogo, Khalid Abeid, Haidari Abeid aliyeitwa Muchacho, Willy Mwaijibe, Adam Sabu, na Abdallah Kibadeni. Mwaka huo huo walitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati lilipochezwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo asije mtu akasema Simba ya 1974 ilikuwa timu dhaifu. Huenda ilikuwa bora kuliko zote ilizokuwa nazo hadi wakati huo. Lakini ligi ya nyumbani ilikuwa bado.

Ligi ya Taifa ya mwaka ule ilimalizikia kwa fainali, na fainali hiyo ikapelekwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana. Mashabiki wa Dar es Salaam waliotaka kuifuata kwa reli ilibidi wapite kwetu. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na tawi la Mwanza lilikamilika 1928, na hadi 1974 hapakuwa na njia nyingine ya reli kwa mtu wa Pwani kwenda Ziwani isipokuwa kupita stesheni yetu, Manyoni, Itigi, Tabora, kisha Shinyanga. Ni safari ndefu. Mwenye chuki na jirani yake wa behewani ana muda wa kutosha wa kuizoea, na mwenye utani ana muda wa kutosha wa kuuchosha.

Mchezo ulikuwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974. Siku moja kabla, Richard Nixon alikuwa ameondoka Ikulu ya Marekani kwa kujiuzulu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa rais wa nchi ile. Hatudhani kwamba Nyamagana palikuwa na mtu aliyekuwa akilifikiria.

Adam Sabu aliifungia Simba katika dakika ya 16. Kisha muda ukapita bila bao. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, dakika ya 60, ya 70, ya 80, na Simba bado ilikuwa mbele kwa bao lile moja. Waliowahi kukaa karibu na redio katika hali hiyo wanajua jinsi moyo unavyoanza kusherehekea kabla ya mwili. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Ubingwa ukahama kutoka Msimbazi kwenda Jangwani kwa muda wa dakika kumi. Na huyo mfungaji aliyeitwa Sunday alifunga siku ya Jumamosi, kwa hiyo kesho yake, Jumapili, jina lake lilitajwa sana kwenye milango ya makanisa.

Tunajua kwamba watu wa Mungu walikuwa wameomba, na waliomba pande zote mbili. Hili si la 1974 tu. Hadi leo, wiki ya mchezo wa watani, katika nyumba zetu za ibada pana maombi yasiyosemwa kwa sauti. Wapo pia wasioishia kwenye maombi. Habari za waganga katika mpira wetu si siri, na baadhi ya waliochangia fedha za kazi hizo walikuwa na namba za bahasha za sadaka kanisani. Wazee wa uamsho waliuona mpira wote kuwa mambo ya dunia na wakajiepusha nao. Sisi hatukubaliani nao katika yote, ila tunawapa haki katika hili: walitambua mapema kwamba kitu kinachoweza kumfanya Mkristo aende kwa mganga kimeshakaa mahali pasipo pake.

Lakini juu ya maombi yenyewe tunadhani kuna swali gumu zaidi kuliko lile la kama Mungu anasikiliza mambo ya mpira. Tuseme alisikiliza. Tuseme Jumamosi ile wa Yanga walipewa walichoomba, na wa Simba wakanyimwa. Tazama sasa kilichofuata.

Yanga waliendelea kung'ara kwa muda mfupi. Mwaka 1975 walichukua kombe la Afrika Mashariki na Kati kwa kuwafunga Simba wale wale. Halafu nyumba ikaanza kutikisika. Watu waliokuwa wameshinda pamoja walianza kugombana juu ya nani mwenye klabu, nani mwenye haki ya kuamua, na nani aliyeleta ushindi. Mgogoro ule ulikua hadi wachezaji wengi wa kikosi cha Nyamagana wakatoka, na mwaka 1976 ikazaliwa klabu mpya, Pan African. Klabu iliyowahi kupasuka mwaka wa pili wa uhai wake ilipasuka tena, na safari hii ilipasuka ikiwa kileleni. Sunday Manara mwenyewe alikwenda kucheza Ulaya, akiwa wa mwanzo kati ya Watanzania waliofanya hivyo. Huo ni msiba wa namna nyingine kwa timu, ingawa ni heri kwa mtu.

Ni rahisi kusema kiburi ndicho kilichowaponza. Hatupendi kurahisisha. Wanaofarakana mara nyingi huwa na hoja, na baadhi ya hoja ni za haki. Wachezaji wa enzi ile walicheza kwa ridhaa. Walivunjika miguu kwa ajili ya watu waliokaa ofisini, na mtu anayedai asikilizwe katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake si mwasi. Kilichokosekana Yanga, kwa jinsi tunavyoona, ni njia ya kutofautiana bila kutoana. Wakati wa kushindwa watu hawaihitaji sana njia hiyo, kwa sababu adui yuko nje na anaonekana. Wakati wa ushindi adui wa nje ameanguka, na macho yanageuka kutafuta mwingine karibu.

Paulo alilijua hilo Korintho. Kanisa lile halikuwa maskini wa karama. Lilikuwa na wanenaji, waponyaji na walimu, na humo humo watu wakajigawa, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Mara nyingi tunaposoma barua ile tunawahurumia Wakorintho kana kwamba walikuwa wachanga wa imani tu. Lakini mitume wale watatu hawakuwa wamegombana kwa ajili ya wafuasi. Ushabiki ulianzia kwa mashabiki, ambao hawakupungukiwa na kitu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: aliyeko Kibaigwa au Chamwino anaweza kumchukia jirani yake kwa ajili ya mitaa miwili ya Kariakoo ambayo hajawahi kuikanyaga.

Hata hivyo si kila kutengana ni dhambi, na historia yetu wenyewe inashuhudia. Mwaka 1960 Waanglikana wa Kenya na Tanganyika waliungana katika Jimbo moja la Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye, 1970, jimbo hilo liligawanywa, Kenya ikawa jimbo lake na Tanzania lake. Hakuna aliyelia, hakuna aliyefunga milango, na hakuna upande uliosema mwingine ameiacha imani. Mwaka uliofuata Yohana Madinda akashika uaskofu wa Dayosisi ya Central Tanganyika hapa kwetu, baada ya maaskofu waliotoka Australia, na kazi ikaendelea. Waliogawana walikubaliana kwanza, wakaandika, wakaombeana, ndipo wakaachana. Jambo lile lile, kuachana, lilifanyika kanisani kwa amani, na Jangwani kwa matusi.

Tunaandika haya tukiwa na macho kwenye mikutano yetu ya kanisa. Uchaguzi wa wazee wa kanisa unapokaribia, tumeona orodha zikizungushwa usiku. Tumeona kwaya iliyoimba pamoja miaka kumi na miwili, ikashinda mashindano ya mtaa, kisha ikagawanyika mwezi ule ule kwa ajili ya nani ashike zawadi. Tumeona watu wakihama ibada ya kwanza kwenda ya pili ili wasikutane mlangoni. Nyakati kama hizo hakuna hata mmoja anayesema anagombana. Kila mmoja anasema anatetea haki, na mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana mgogoro hauishi.

Kwa upande mwingine, ule utani mdogo wa mpira hautusumbui. Mchungaji akivaa stola nyekundu siku ya Pentekoste, wapo wanaotabasamu, na ikirudi ya kijani Jumapili za kawaida, wapo wanaowajibu kwa macho. Tungependa uendelee. Mtu anayeweza kutaniwa juu ya unga aliopewa wakati wa njaa na akaendelea kula sahani moja na mtani wake ana kitu ambacho wazee wa klabu hawakuwa nacho mwaka 1976.

Matokeo ya mpasuko ule hayakuchukua muda. Tarehe 19 Julai 1977 watani walikutana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan aliyeitwa Masimenti akafunga mawili, na la sita Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Simba 6, Yanga bila. Miaka tisa nyuma, Juni 1968, Yanga ndiyo iliyokuwa imeifunga Sunderland 5-0, na watu wa Msimbazi walikuwa wamelibeba deni hilo kwa muda wote huo. Sasa walilipa na kuongeza riba.

Simba ikawa bingwa 1976, 1977, 1978, 1979 na 1980, miaka mitano mfululizo. Yanga ilisubiri hadi 1981. Mtoto aliyezaliwa wiki ya Nyamagana alikuwa ameanza darasa la kwanza wakati baba yake, kama alikuwa wa Jangwani, alipopata tena cha kushangilia. Na mwaka uliofuata, 1982, bingwa wa Tanzania hakuwa Yanga wala Simba. Alikuwa Pan African.